Hesabu negativu kabla ya kuhesabu pesa

Karibu kila nyumba ina kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti miaka mingi. Chini ya vifungo vya mashati, risiti za ada na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani, utakuta bahasha ya studio ya picha. Picha zenyewe hazimo. Moja aliichukua shangazi, nyingine iliwekwa kwenye fremu ya sebuleni ikapauka kwa jua, zilizosalia ziliondoka na wageni waliosema watazirudisha. Vimebaki vipande vya mkanda ambavyo hakuna aliyevitaka. Inua kimoja dirishani: bi harusi amevaa gauni jeusi, meno ni meusi, nyuso zimekuwa nyeupe kama chokaa, na kila kitu kimeoga rangi ya chungwa.

Hiyo ndiyo negativu, na ndiyo yenye thamani kuliko picha zote zilizoondoka. Ile ya fremuni ilisafishwa kutoka humo, na mengi yaliyomo kwenye kivuli na kwenye mwanga mkali hayakufika kwenye karatasi. Ukiwa na skana inayofaa unaweza kumtoa bi harusi yule akiwa safi kuliko alivyoonekana siku picha zilipotoka studio.

Ugumu ni kuipata hiyo skana inayofaa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mfuko wa kawaida, awe amerithi kopo la namna hiyo au ni kijana aliyefufua kamera ya babu na sasa anapiga mikanda mipya. Shauri langu kuu ni moja: utajua skana ya kununua kwa kulikagua kopo lako, na namba zilizoandikwa kwenye boksi la dukani zifuate baadaye.

Anza na kopo

Tandika kitambaa safi cheupe mezani, nawa mikono, ikauke, kisha mwaga vyote. Shika kila kipande kwa kingo zake tu. Alama ya kidole ikikauka juu ya filamu huondoka kwa taabu. Jibu maswali manne.

La kwanza, ni saizi gani? Mkanda wenye matundu pande zote mbili, na picha ya milimita 24 kwa 36, ni wa milimita 35. Ndio uliotumiwa na kamera nyingi za nyumbani. Mkanda mpana usio na matundu, wenye picha za mraba za karibu sentimita 6 kwa 6, ni wa 120. Huo ulitumiwa na wapiga picha wa studio na wa mtaani, wale waliochungulia kamera za lenzi mbili kwa kuinamisha kichwa. Picha moja moja zilizofungwa kwenye vifremu vya kadibodi au plastiki vya sentimita 5 kwa 5 ni slaidi. Rangi zake zimeshakaa sawa, hazijageuzwa.

La pili, ni za rangi au nyeusi na nyeupe? Jibu hili litaamua kama ulipie kifaa cha kuondoa vumbi au la. Tutalifikia.

La tatu, ni ngapi? Usikadirie, hesabu. Mikanda 40 ya picha 36 ni picha 1,440. Ukitumia dakika nne kwa kila picha, hiyo ni saa 96. Ukitumia sekunde 15, ni saa 6. Wengi hulinganisha bei za skana wakasahau kulinganisha saa, na ndiyo maana skana nyingi huishia juu ya kabati baada ya mkanda wa tano.

La nne, utazifanyia nini? Picha ya kutuma kwenye kundi la familia la WhatsApp haidai kitu kikubwa. Picha ya kuchapwa na kutundikwa ukutani inadai.

Nusa pia. Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza, kwani plastiki ya asetati huvunjika ikikaa kwenye joto na unyevu, na watu wa pwani tuna vyote viwili. Zitenge na nyingine maana mvuke wake huziambukiza zilizo nzima, kisha uziskani kwanza.

Ungependa kujua kuna nini kabla ya kutoa hata senti? Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usaidizi wa kuona, uwashe kugeuza rangi. Fungua kamera, weka negativu mbele ya kitu cheupe chenye mwanga, uitazame kwenye kioo cha simu. Gauni litakuwa jeupe, na bi harusi utamtambua. Picha hiyo si ya kutunza, lakini itakuonyesha mkanda gani unastahili jasho.

Skana ya ofisini haitakusaidia

Nilifanya kosa hili mwenyewe, kwa hiyo nakuonya kwa moyo mweupe. Skana yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kuwa "inaskani kila kitu". Nikapanga negativu kwenye kioo, nikafunga mfuniko, nikabonyeza. Nilipata ukanda mweusi tii, kama mtu aliyebandika utepe wa fundi umeme kwenye karatasi.

Skana haikuwa mbovu. Skana ya karatasi humulika kutoka chini na kupokea mwanga uliogonga karatasi ukarudi. Negativu haisomwi hivyo. Mwanga lazima uipite, utoke upande wa pili. Skana bapa inayofaa, yaani ya kioo na mfuniko, ina taa ya pili ndani ya mfuniko. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, inua mfuniko. Ukiona kibao cheupe, jaribu kukichomoa, maana hata skana za filamu hufunika taa kwa kibao cha namna hiyo; kisipotoka, hiyo ni ya karatasi. Ukiona kidirisha cha kioo chenye taa nyuma yake, endelea kuzungumza na muuzaji. Jina la kampuni lisikutulize: Epson walitengeneza V39 ya karatasi tu, na V600 inayosoma filamu, zote zikiitwa Perfection.

Ila kama kopo lako lina picha za karatasi peke yake, bila negativu hata moja, basi umepona. Skana yoyote bapa itakutosha. Iweke kwenye nukta 600 kwa inchi na umalize kazi.

Namba kubwa ya kwenye boksi

Boksi litakutajia nukta kwa inchi, kwa kifupi dpi: 6,400, 7,200, 9,600. Namba hizo hueleza jinsi mashine inavyokatakata picha, na hazisemi chochote kuhusu lenzi yake inaona nini. Ukikata embe vipande mia hujapata embe kubwa.

Chukua V600, skana bapa iliyoingia sokoni mwaka 2009 na bado inatajwa kila watu wanapozungumzia skana za bei nafuu. Boksi linasema 6,400. Waliopima kwa bamba la mistari inayozidi kubana wameona inatenganisha kama 1,500 hadi 1,600 tu. Plustek OpticFilm 8100, ambayo ni ya mkanda wa milimita 35 peke yake, inatangaza 7,200 na kwa kweli inatoa zaidi ya 3,000.

Sasa piga hesabu ya kopo lako. Picha ya milimita 35 ikisomwa kwa nukta 1,600 halisi ina pikseli takriban 2,270 kwa 1,510. Ukichapa kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi, unapata picha safi ya sentimita 19 kwa 13. Saizi ya postikadi inapita vizuri; ya kutundika ukutani italegea. Lakini weka negativu ya 120 kwenye skana ileile, na mraba wake wa milimita 56 unakupa pikseli karibu 3,500 kila upande, sawa na picha ya sentimita 30 kwa 30. Mashine ni ileile, imelegea kwa mkanda mwembamba na inatamba kwa mkanda mpana. Ndiyo maana nilikutuma kwenye kopo kwanza.

Na usiiweke skana kwenye namba yake ya juu kabisa. Picha moja ya milimita 35 kwa nukta 7,200, ikihifadhiwa kwa biti 16 kwa kila rangi, itazidi megabaiti 400. Utajaza diski na kusubiri sana, na maelezo hayataongezeka kwa kiasi cha maana. Kwa skana bapa weka 2,400 au 3,200; kwa Plustek, 3,600.

Njia nne na gharama zake

*Skana bapa yenye taa ya mfuniko.* Hii ndiyo mtumishi wa wote: mkanda wa 35, wa 120, slaidi, picha za karatasi, hata cheti cha ndoa. V600 hupokea picha 12 za milimita 35 kwa mpigo, ukaenda kupika wakati inafanya kazi. Kwa mtumba, tafuta pia Canon CanoScan 9000F au Mark II yake ya mwaka 2013. Mpya, skana za ngazi hii zimekuwa zikiuzwa Marekani kwa dola mia mbili na kitu hadi mia tatu na kitu; ongeza usafiri na ushuru wa forodha. V850, ndugu mkubwa wa V600, inazidi dola 1,000 na si ya mjadala huu.

*Skana ya mkanda.* Ni kiboksi kirefu unachosukumia negativu ubavuni. Inaona vizuri kuliko bapa, lakini Plustek 8100 na 8200i husoma picha moja tu, kisha unasukuma kwa mkono, unasubiri, unasukuma tena. Picha ya milimita 35 ikitoka humo unaweza kuichapa sentimita 38 kwa 26 bila aibu. Inamfaa mwenye picha chache nzuri, au anayepiga mkanda mmoja mmoja kila mwezi. Mwenye picha 1,440 atachoka.

*Kamera uliyonayo.* Kama nyumbani kuna kamera ya dijitali inayobadilisha lenzi, pengine tayari una skana. Unahitaji lenzi ya makro, kibao cha taa, na stendi ya kuishika kamera ikiangalia chini. Kamera ya megapikseli 24 ikiijaza picha ya milimita 35 vizuri inafanya kazi ya nukta 4,200 kwa inchi, tena kwa sehemu ya sekunde. Lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono, kama Micro-Nikkor ya milimita 55, zinafaa sana na hupatikana kwa bei ya mtumba. Nyingi zitahitaji bomba la kuisogeza lenzi mbele ili ikaribie zaidi. Kwenye kibao cha taa usibane pesa: tafuta kilichoandikwa CRI 95 au zaidi (CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi), maana taa dhaifu huzichafua rangi za ngozi na hutaweza kuzirekebisha.

*Viboksi vya kioo kidogo na simu.* Vile viboksi vinavyoonyesha picha hapohapo ni kamera ndogo na taa nyuma, basi. Ni vya haraka, havihitaji kompyuta, na kwa picha za kutuma kwenye simu vinatosha. Lakini hukata kingo, huibana picha kuwa JPEG, na huamua rangi wenyewe. Simu juu ya tableti yenye kioo cheupe nayo inafaa kwa kuorodhesha. Inua negativu sentimita chache juu ya kioo, la sivyo vinukta vya tableti vitaonekana kama wavu wa mbu juu ya uso wa bibi.

Vumbi

Ukimaliza mkanda wako wa kwanza utagundua kuwa kazi kubwa ya kuskani ni vumbi. Punje usiyoiona kwa macho inakuwa kokoto kwenye picha.

Skana kadhaa, V600 na Plustek 8200i zikiwemo, zina mwanga wa infraredi wa kupambana nalo. Rangi za filamu hupitisha infraredi, vumbi na mikwaruzo huizuia. Mashine inasoma mara ya pili kwa mwanga huo, inaona vivuli vya vumbi vilipo, inaviziba. Kwa mkanda wa rangi ni kama muujiza, na ni haki kuilipia.

Kwa negativu za nyeusi na nyeupe za kawaida, usiilipie. Picha zake zimeundwa na chembe za madini ya fedha, na fedha nayo huizuia infraredi. Mashine itadhani nywele za bibi ni uchafu na kuanza kuzifuta. Slaidi za Kodachrome zina tatizo linalofanana. Hapa ndipo jibu la swali la pili linalipa: kopo la nyeusi na nyeupe tupu halihitaji 8200i, 8100 isiyo na infraredi inatosha.

Dawa ya bure ni usafi. Zima feni. Pangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu. Tumia kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo, maana mate yatatua palepale. Negativu zilizojikunja zitie kwenye mifuko yake na uzilaze chini ya vitabu vizito siku chache. Lenzi ya skana bapa imefungwa kwenye umbali mmoja, na mkanda uliobetuka utatoka umefifia katikati.

Ukinunua mtumba

Skana nzuri nyingi ziliacha kutengenezwa. Nikon Coolscan, kwa mfano, bado zinasifiwa na bado zinauzwa ghali, lakini programu yake haikuandaliwa kwa kompyuta za leo, na baadhi ya matoleo hutumia waya ambazo laptopu yako haina matundu yake. Kabla ya kutoa pesa:

- Iwashe mbele yako na iskani negativu uliyokwenda nayo. Ahadi ya "ilikuwa nzima nilipoizima" usiipokee.
- Hakikisha vibebeo vya plastiki vya kushikia mkanda vipo, na ni vya saizi zako. Muuzaji atakwambia ni vijiplastiki tu. Kuvitafuta peke yake huudhi na hugharimu.
- Soma adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120V, imetoka Marekani, na umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza mara moja.
- Chungulia upande wa ndani wa kioo kwa tochi ya simu. Ukungu wa ndani huufikii bila kuifungua mashine, na hupunguza weusi wa picha.
- Tafuta kufuli ya usafiri. Skana nyingi bapa zina swichi inayozuia kichwa kisitembee njiani. Wengi wamedhani skana imekufa kumbe imefungwa.

Kuhusu programu, VueScan ya Hamrick Software huziamsha maelfu ya skana zilizotelekezwa na watengenezaji wao. Inalipiwa, lakini ni nafuu kuliko skana mpya. SilverFast huja na Plustek, na leseni yake hufungwa kwa aina moja ya skana, hivyo usitarajie kuihamishia nyingine. Kwa njia ya kamera, darktable ni ya bure na ina sehemu iitwayo negadoctor, mahususi kwa kuondoa ile rangi ya chungwa na kugeuza negativu.

Siku ya kazi

Skani mkanda mmoja mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili. Ondoa marekebisho ya kiotomatiki ya kunoa. Picha chache za thamani zihifadhi kama TIFF ya biti 16. Zilizobaki, JPEG ya ubora wa juu haina dhambi. Ukiona maandishi ya kibao cha duka yamejigeuza kinyume, umelaza mkanda kifudifudi, ugeuze.

Kwa wanaotumia kamera, siri ni kioo. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu, angalia kupitia kamera, na usogeze stendi mpaka lenzi ijione katikati kabisa. Hapo kamera na meza vimelingana. Weka lenzi f/8, ISO 100, tumia saa ya kujipiga ya sekunde mbili, piga RAW, na zima taa za chumba.

Weka nakala mahali pawili, mojawapo pawe nje ya nyumba. Na negativu usitupe. Zitie kwenye mifuko safi, kwenye boksi lenye pakiti za kunyonya unyevu, mbali na dari ya bati.

Basi ninunue ipi?

Kopo lenye mchanganyiko wa saizi na picha za karatasi: skana bapa kama V600, au CanoScan 9000F ya mtumba iliyo nzima. Mkanda wa 35 peke yake na unataka kuchapa kubwa: Plustek, 8200i kwa rangi, 8100 kwa nyeusi na nyeupe. Picha nyingi mno na kamera ipo: lenzi na kibao cha taa. Picha hazifiki mia: usinunue chochote. Azima, au mlipe mwenye skana.

Kuna njia ya tano ambayo hakuna duka litakalokuambia. Skana ya negativu hutumika miezi michache, kisha kopo linaisha. Changeni ndugu watatu au wanne, kila nyumba ikae nayo msimu wake, mwisho muiuze na mgawane.

Inapofika zamu yako, mwite mtu mzima akae kando yako, picha zikitokea moja moja kwenye kompyuta. Bi harusi utamtambua. Lakini yule mwanamke aliyeshika mwavuli nyuma yake, na mtoto aliyefumba macho wakati kamera inalia, majina yao hayamo kwenye nukta 1,600 wala 7,200. Yaandike kwenye faili palepale, kabla hajanyanyuka kwenda kuswali au kulala.